Tiketi ya bei nafuu, launji na siti ya kubana: maswali tunayoulizwa kila siku dirishani

Nakata tiketi Kariakoo. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wanaofuata mzigo Dubai, vijana wanaokwenda kazini Ghuba, na wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao Ulaya. Karibu wote wananunua tiketi ya bei ya chini kuliko zote zilizopo siku hiyo. Fastjet, shirika la ndege za bei nafuu, ilipoanza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro Novemba 2012, na nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, watu walikuwa wananiuliza kama kweli ndege hiyo ina viti. Fastjet ya Tanzania ilisimama mwishoni mwa 2018, lakini mazoea ya tiketi nafuu yamebaki, na maswali sasa yamehamia kwenye starehe: siti, na launji, yaani ule ukumbi wa kupumzikia uwanjani. Haya ndiyo yanayorudi kila wiki.

Tiketi yangu ni ya bei ya chini kabisa. Launji wataniruhusu kuingia?

Ndiyo, ukiwa na njia ya kulipia. Launji nyingi si mali ya shirika unalosafiri nalo. Zinaendeshwa na kampuni za huduma za uwanjani, na kampuni hizo hazina haja ya kujua tiketi yako imekugharimu kiasi gani. Wanachotaka ni pasi ya kupandia ndege ya siku hiyo na kitu cha kulipia.

Njia za kuingia ni tatu. Ya kwanza ni daraja la tiketi: ukikata bizinesi, launji kwa kawaida imo. Kwa mashirika ya bei nafuu njia hii ni nyembamba. Jambojet na Air Arabia wana daraja moja tu ndege nzima, kwa hiyo hata ukiwa tajiri huna pa kupanda. Flydubai wana bizinesi, na kwenye Boeing 737 MAX zao viti kumi vya mbele vinalala kama kitanda, lakini bei yake haihusiani tena na neno nafuu. Njia ya pili ni kadi ya benki au uanachama. Ya tatu ni pesa, mlangoni au mtandaoni kabla ya safari.

Watu wanaona aibu kuuliza, kana kwamba mhudumu wa mlangoni atawacheka. Hatakucheka. Yeye anaona kadi inasoma au haisomi.

Launji na VIP ni kitu kimoja?

Hapana, na kuchanganya huku kumeshaleta ugomvi wa kifamilia mbele yangu. VIP ya uwanjani ni ya viongozi, mabalozi na wageni wa serikali, ina mlango wake na utaratibu wake. Launji ni ukumbi wa kupumzikia wa kibiashara, na mara nyingi upo ndani kabisa, baada ya ukaguzi na uhamiaji. Shemeji yako akikwambia "mimi huwa napita VIP", muulize kama alikula sambusa humo. Kama alikula, ilikuwa launji.

Zamani hata launji zilikuwa za kualikwa. Ile inayotajwa kuwa ya kwanza ya shirika la ndege, Admirals Club ya American Airlines pale LaGuardia, New York, mwaka 1939, iliingiwa na watu waliochaguliwa na wakubwa wa shirika. Uanachama wa kulipia unaotambulika dunia nzima umekuja baadaye sana. Priority Pass, ambao ndio maarufu zaidi, ulianza 1992.

Nina kadi ya benki ya hali ya juu kidogo. Nitajuaje kama inafungua mlango wa launji?

Usiangalie rangi ya kadi. Kuna kadi nyeusi za kupendeza ambazo hazifungui hata mlango wa choo. Angalia jina la daraja lililoandikwa karibu na nembo: kwa Visa tafuta Signature au Infinite, kwa Mastercard tafuta World au World Elite. Platinamu zipo zenye huduma hii na zipo zisizo nayo. Inategemea benki iliyoitoa.

Benki nayo haimiliki launji. Imenunua huduma kwa kampuni za kati kama LoungeKey, DragonPass au hao Priority Pass. Kwa hiyo usiishie kuuliza tawini "je, kadi yangu ina launji?" Uliza haya: ni mpango upi, naweza kuingia bure mara ngapi kwa mwaka, natakiwa kujisajili kwanza, na mgeni wangu analipiwa na nani? Visa na Mastercard wana programu za simu ambazo unaingiza kadi yako, unapewa msimbo wa mraba wa kuskani mlangoni. Usipojisajili nyumbani, utajikuta unasajili ukiwa umesimama mlangoni, msimbo wa uthibitisho unatumwa kwenye laini ya Tanzania ambayo umeizima ili isile salio. Nimepigiwa simu ya namna hiyo saa nane usiku.

Swali la mgeni ndilo linalouma zaidi. Mteja wangu mmoja alikuwa na kadi yenye nafasi mbili za bure kwa mwaka. Akaingia launji na mkewe na watoto wawili, mhudumu akawakaribisha kwa bashasha, akaskani kadi mara nne, wakala, wakanywa, wakapiga picha. Aliporudi Dar akakuta nafasi zake zote mbili zimekwisha na kadi imekatwa dola za watu wawili waliobaki. Alikuja kwangu na taarifa ya benki mkononi, amekunja uso, akidhani ni wizi. Haukuwa wizi. Mlangoni hawakwambii "sasa tunaanza kukukata", wanaskani tu kulingana na idadi ya vichwa. Uliza kabla hawajaskani: "Huyu analipiwa kiasi gani?"

Nikilipa pesa zangu mwenyewe, ni kiasi gani? Na inalipa kweli?

Launji nyingi za kulipia ziko kati ya dola 25 na 60 kwa mtu, kwa muda wa saa mbili au tatu. Ukinunua mapema mtandaoni huwa unapata unafuu kidogo kuliko mlangoni.

Kama inalipa, hiyo ni hesabu ya genge tu. Ukiwa nje ya launji utanunua nini? Chukua mtu mwenye muda wa saa nne uwanjani: kahawa moja, maji chupa mbili, mkate wenye kuku ndani, labda na juisi. Kwenye viwanja vya Ghuba vitu hivyo vinaweza kukumaliza dola 20 hadi 25 bila kushiba. Launji ya dola 35 inakupa chakula cha kujipakulia, vinywaji, waifai isiyokatika, kiti cha maana na soketi ya kuchajia. Tofauti ni dola kumi na kitu. Kwa mtu ambaye angekula hata hivyo, inalipa. Kwa mtu aliyebeba chapati zake na anayeweza kukaa popote, hailipi, na hakuna haja ya kujilazimisha.

Kinachowapotosha watu ni kulinganisha launji na tiketi. "Tiketi yenyewe nimenunua kwa bei ya kutupa, niongeze nusu yake kwa ajili ya kiti?" Mashirika haya yamevunja safari vipandevipande na kuuza kila kipande peke yake: siti, begi, chakula, nafasi ya miguu. Wewe nawe fanya hivyohivyo. Nunua kipande unachokihitaji, acha kingine. Wapo wateja wangu ambao hawanunui siti wala chakula cha ndege, lakini launji hawakosi, kwa sababu wanataka kuoga kabla ya kwenda moja kwa moja sokoni Deira, Dubai. Na wapo wanaonunua siti ya mlango wa dharura kila safari na launji hawajawahi kuiona. Wote wana akili zao timamu.

Kama unasafiri mara moja au mbili kwa mwaka, usinunue uanachama. Priority Pass ya ngazi ya chini, kwa bei za Marekani, imekuwa dola 99 kwa mwaka, na bado unalipa dola 35 kila unapoingia. Hesabu hiyo mpe mtu anayeishi angani.

Nasafiri ndani tu, Nairobi kwenda Mombasa kwa Jambojet. Nitafute launji?

Usijisumbue. Safari ni kama saa moja. Pia kuna jambo la kijiografia ambalo watu hawalifikirii: launji nyingi za uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ziko upande wa kimataifa, na mtu wa safari ya ndani anaondokea jengo la 1D. Huwezi kuvuka uhamiaji kwenda kunywa chai halafu urudi. Dar ni vivyo hivyo: jengo la tatu lililofunguliwa Agosti 2019 ni la kimataifa, na safari nyingi za ndani zinaondokea jengo la pili, kwa hiyo picha nzuri za launji ulizoziona mtandaoni huenda ziko jengo ambalo hutalikanyaga.

Kabla ya kulipia launji yoyote, linganisha vitu viwili: jengo lililoandikwa kwenye tiketi na jengo lililoandikwa kwenye maelezo ya launji. Pesa ya launji ya jengo lisilo lako hairudi kirahisi.

Nina transiti, yaani kusubiri ndege ya kuunganisha, kwa muda wa saa nane Sharjah au Dubai. Nifanyeje?

Hapa ndipo launji inapoonesha thamani yake, na ndipo watu wanapofanya makosa ya gharama kubwa. Nitakwenda polepole.

Kwanza, tiketi. Je, safari yote iko kwenye tiketi moja, au umeunganisha mwenyewe tiketi mbili za mashirika tofauti kwa sababu ilikuwa nafuu? Kama ni moja, mfano Air Arabia kutoka Nairobi kupitia Sharjah kwenda mbele, begi lako linaendelea lenyewe na wewe unabaki ndani ya uwanja bila viza. Kama ni mbili za mashirika yasiyoshirikiana, begi linaishia pale. Itabidi upite uhamiaji, ulichukue, ukalikabidhi upya. Kupita uhamiaji kunataka viza ya Falme za Kiarabu. Nimeona watu wakikwama hapohapo, begi liko upande wa pili wa ukuta na wao hawawezi kulifuata. Launji haikusaidii kitu katika hali hiyo.

Pili, jengo. Uwanja wa Dubai una majengo matatu, na la pili, ambalo ni nyumba ya flydubai, liko ng'ambo ya njia za kurukia, mbali na mengine mawili. Baadhi ya safari za flydubai hutumia jengo la tatu pamoja na Emirates, kwa hiyo usikariri; soma pasi yako. Ukitoka jengo moja kwenda jingine unapandishwa basi, na basi lina foleni. Usilipie launji ya jengo unaloliacha kama muda wako ni mfupi.

Tatu, muda wa launji. Saa nane za kusubiri haziingii kwenye launji ya saa tatu. Baya zaidi, launji kadhaa hazikuruhusu kuingia mpaka zibaki saa tatu kabla ya ndege yako. Wewe umeshuka saa nane usiku umechoka hoi, wao wanakwambia urudi asubuhi. Basi panga hivi: muda wa mwanzo tembea, sali, lala kwenye viti visivyo na mikono ukivipata, halafu ingia launji saa tatu za mwisho. Oga, kula, chaji simu, kisha nenda geti ukiwa mtu. Watu huingia mapema kwa pupa, wanatolewa wakiwa wameanza kusinzia.

Kama shida yako ni usingizi tu, launji si jibu zuri. Viti vyake ni vya kukaa, taa zinawaka, na kuna baba mmoja daima anayeongea na simu kwa spika. Dubai kuna vyumba vidogo vya kulala vya kulipia kwa saa, vinaitwa sleep 'n fly, ndani ya uwanja. Bei iko juu ya launji, lakini unalala kweli.

Humo ndani kuna nini hasa?

Inategemea, na tofauti ni kubwa. Launji nzuri ina chakula cha moto, kahawa ya mashine, matunda, bafu na pahala pa kulaza mtoto. Launji dhaifu ina biskuti, karanga na supu yenye maji mengi. Kabla ya kulipa, tafuta picha zilizopigwa na wasafiri wenyewe. Zile za kampuni zilipigwa siku ya ufunguzi.

Kubeba chakula kutoka nacho hawapendi. Ndizi moja mkononi hakuna atakayekusimamisha. Kuufungua mkoba mdomo mbele ya sinia la sambusa ni jambo jingine.

Sehemu ya kusali usiilipie. Viwanja vikubwa vya Ghuba, na vyetu pia, vina chumba cha kusalia cha bure nje ya launji, chenye pa kutawadha.

Kuna sheria ya mavazi?

Ipo lakini si kali. Kandambili, bukta ya mpira na fulana ya mikono iliyokatwa zinaweza kukurudisha. Kanzu, baibui, suruali ya kawaida, hakuna atakayekuuliza. Watoto chini ya miaka miwili mara nyingi huingia bure. Zaidi ya hapo uliza.

Tukirudi kwenye ndege yenyewe: siti ipi isiyobana?

Wengi wanataka dirishani, mbele. Mimi nawauliza kwanza ni ndege gani.

Jambojet wanatumia Dash 8-400, ndege ya mapanga yenye siti 78, mbili kila upande, kwa hiyo hakuna mtu wa katikati. Hiyo peke yake ni starehe. Kelele na mtetemo ndio adui, na unausikia zaidi ukikaa usawa wa mapanga. Sogea nyuma au mbele yake. Na kama unataka kuuona Mlima Kilimanjaro ukitoka Nairobi kwenda Mombasa, kaa kulia, asubuhi, mawingu yakiwa hayajapanda.

Boeing 737, ambayo ndiyo flydubai na mashirika mengi ya bei nafuu wanaipenda, ina siti moja ya utani. Upande wa kushoto, karibu na safu ya kumi hadi kumi na mbili, mabomba ya hewa yanapita ukutani na dirisha halipo. Unalipia siti ya dirishani, unafika unakuta plastiki nyeupe. Mteja aliyenunua siti hiyo kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza bado ananikumbusha.

Safu ya mlango wa dharura ina nafasi kubwa ya miguu, lakini haitolewi kwa mtoto, mjamzito, wala mtu anayehitaji msaada wa kutembea. Usiinunue kwa ajili ya bibi. Watamhamisha, na pesa utaidai hadi uchoke. Kumbuka pia kwamba safu iliyo mbele yake mara nyingi mgongo haulali, ili njia isizibwe.

Kwa walioko Ulaya: kwenye Ryanair hakuna mgongo unaolala, safu zote. Ukishajua hivyo huangaiki na kutafuta kitufe. Mimi kwa kweli naona ni haki, kwa sababu hakuna wa kukulalia mapajani.

Naweza kupanda na chakula changu?

Chakula kikavu kinapita ukaguzi: chapati, maandazi, kuku wa kukaanga, mihogo. Kinachokataliwa kwenye viwanja vingi ni kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kwa chombo, na kanuni hiyo, iliyoingia 2006, inahesabu mchuzi, asali, samli, mtindi na achali kama vimiminika. Wamama wanabishana sana kwenye achali. Achali ipakie kwenye begi la chini, uifunge mifuko mitatu.

Chupa ya maji ibebe tupu, ijaze ukishapita ukaguzi pale penye bomba la kunywea. Ndani ya ndege ya bei nafuu maji yanaweza kuuzwa, na ukilipa kwa noti kubwa chenji inakuja kwa pesa usiyoijua.

Ukitaka chakula cha moto cha shirika, agiza wakati wa kukata tiketi. Humo ndani mkokoteni ukianzia mbele na wewe uko safu ya 28, utakuta kimebaki kilichokataliwa na wengine.

Kwa nini ndani kuna baridi hivyo, na blanketi hawatoi?

Blanketi ni kipande kingine kilichoondolewa kwenye bei. Beba kanga pea moja. Nasema hivi hata kwa wanaume: kanga inakuwa shuka, mto ukiikunja, pazia la kunyonyeshea, zulia la kusalia, na kitambaa cha kufungia begi zipu ikikatika. Kikoi kinafaa pia. Soksi nzito zivae kabisa.

Begi la mkononi kilo saba ni kilo saba kweli?

Ni kilo saba siku ambayo mhudumu ameamua, na hujui ni lini ataamua. Jambojet na flydubai wanatoa saba kwa mkononi. Air Arabia wanatoa kumi, lakini ni jumla ya begi na kile kipochi chako. Ryanair kwa tiketi ya chini wanaangalia ukubwa: begi dogo la kuingia chini ya siti, sentimita 40 kwa 30 kwa 20.

Kanunue mizani ya kuning'iniza, Kariakoo zimejaa. Kilo ya ziada ukiinunua mtandaoni mapema ni bei moja; ukiinunua kaunta, foleni ikiwa nyuma yako inaguna, ni bei nyingine kabisa. Nimeona mtu amevaa jaketi tatu Dubai mwezi wa saba. Alipita, lakini jasho lilikuwa linamtoka kama mpishi wa pilau.

Hili linahusu launji kuliko unavyodhani. Pesa anayolipa mtu kwa kilo sita za ziada pale kaunta ingeweza kumuingiza launji, ikamlisha na kumuogesha.

Mama yangu ni mzee, hatembei umbali mrefu. Nimkatie launji?

Mkatie kiti cha magurudumu kwanza. Hicho kwa kawaida hakilipiwi, ila kiombwe angalau saa 48 kabla, na uhakikishe kimeandikwa kwenye tiketi. Msukumaji atampitisha foleni zote hadi mlangoni mwa ndege. Launji kwa mzee peke yake inaweza kuwa hatari: anaachwa kwenye kiti kizuri, hajui Kiingereza wala Kiarabu, na hakuna anayemkumbuka. Akiachwa getini, macho ya wahudumu yanamwona.

Mwandikie karatasi yenye jina lake, namba ya ndege, anakokwenda na namba yako ya simu. Aishike mkononi, isiwe ndani ya mkoba.

Ndege imechelewa. Shirika litanilipia launji?

Usitegemee. Unachoweza kudai ni chakula na maji, na kwenye uchelewaji mrefu, pa kulala. Ukiondokea Ulaya una nguvu zaidi: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inalazimisha shirika lolote, la bei nafuu pia, kukulisha baada ya saa mbili za kuchelewa kwa safari fupi, tatu kwa za kati, nne kwa ndefu. Huku kwetu nenda kaunta, omba vocha kwa upole lakini usiondoke, na hifadhi risiti za chakula ulichojinunulia. Kumbuka pia muda wako wa launji hauongezwi bure kwa sababu ndege imechelewa. Kuna wanaohurumia, kuna wanaoskani kadi upya.

Pawabenki naiweka wapi?

Mkononi, kamwe si kwenye begi la kupakiwa. Iwe chini ya saa-wati 100 (huandikwa Wh), na maandishi yasomeke, maana iliyofutika inachukuliwa. Mashirika yanazidi kukaza. Emirates tangu Oktoba 2025 hawaruhusu kuitumia ndani ya ndege kabisa. Hiyo ni sababu nyingine ya kupita launji: unapanda simu ikiwa imejaa.

Nimefika mlangoni na kadi halali, wanasema launji imejaa.

Wana haki hiyo, na wenye kadi ndio wanaokataliwa kwanza. Wa bizinesi wanaingia. Asubuhi na usiku wa manane ndipo panafurika. Uliza kama kuna launji ya pili kwenye jengo hilohilo, au urudi baada ya dakika 40. Aliyenunua nafasi mtandaoni kwa saa maalumu ana uhakika zaidi kuliko mwenye kadi ya bure.

Nikisinzia humo na ndege ikaniacha, nani analipa?

Wewe. Launji nyingi hazitangazi ndege, ukimya ni sehemu ya kile unacholipia. Weka kengele ya simu saa moja kabla ya muda wa kuruka, na ihesabu kwa saa ya pale ulipo: Dubai wako mbele ya Dar kwa saa moja, na simu isiyo na mtandao inaweza kubaki na saa ya nyumbani. Ndege za bei nafuu mara nyingi zinaegeshwa mbali, mnapelekwa kwa basi, na basi la mwisho likiondoka geti limefungwa hata kama ndege unaiona kwa macho. Tiketi ya ngazi ya chini ikishapita kwa kawaida hairudishwi wala haisogezwi. Utanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo hiyo, na bei ya siku hiyo hiyo huwa haina huruma. Mwaka jana kijana mmoja alinipigia akiwa launji, anasema ndege yake inaondoka saa mbili, bado ana dakika 50. Nikamuuliza saa yake inasoma ya wapi. Akakaa kimya, kisha nikasikia kiti kinaanguka.